Aliyevunja Atapika

Nilimvunja mama yangu mkono kwa sababu ya kilo mbili za sukari. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu siku hizi watu wa kanisani kwetu Kimwani hunisifu. Husema, mwanamume gani mwingine anamenya ndizi na kumpikia mama yake mboga? Wanaojua jinsi nilivyoingia katika lile jiko hunyamaza.

Mimi ni fundi seremala. Karakana yangu iko Bakoba, mjini Bukoba. Natengeneza vitanda, makabati na majeneza, na mikono yangu ni mizito kama ya baba. Nilizaliwa Kimwani, wilayani Muleba, katika kibanja cha migomba na mibuni, na katika nyumba ile chakula kilikuwa kitu cha kuogopwa.

Baba hakuwa mtu mbaya barabarani. Alisalimia watu vizuri, na misiba ya majirani alihudhuria yote. Ubaya wake ulikuwa mezani. Alionja kwanza yeye, nasi watoto tukatazama taya lake. Likitafuna polepole, tulijua tutakula. Likisimama, dada yangu alikuwa akinishika mkono chini ya meza, maana kilichofuata ni sahani ukutani, au kofi, au vyote viwili. Chumvi haitoshi. Mchuzi mwepesi. Ndizi zimepoa. Mama hakuwahi kujitetea. Aliokota vipande, akafuta ukuta, akaenda kupika upya.

Uzee ulipomkuta, baba alipimwa akaonekana ana presha ya juu. Muuguzi wa zahanati akamwita mama pembeni, akamwambia apunguze chumvi na mafuta, na ahakikishe mzee anameza vidonge kila siku. Mama alitii, maana kutii ndiyo kazi aliyokuwa ameizoea. Mimi nilikuwa nimetoka mjini kuwatembelea siku ya tatu ya chakula kile kipya. Baba alionja. Taya likasimama.

"Unanipikia kama mgonjwa?" akauliza.

"Wewe ni mgonjwa," mama akasema.

Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yao mama kumjibu. Baba aliinuka, akaenda jikoni, akashika sufuria kwa majani ya mgomba yaliyokuwa yameifunika, akarudi nayo akaitupa. Ndizi za moto zilimwagikia mkono wa kushoto wa mama, zikang'ang'ania ngozi kuanzia kiwiko hadi kiganja kama matope. Alipozikung'uta, ngozi iliondoka nazo.

Nilimpiga baba. Ngumi moja ya mdomo, halafu ya pili alipokuwa akianguka. Alikaa chini ameegemea ukuta, damu kwenye meno, akanitazama kama mtu anayemtambua ndugu aliyempotea siku nyingi. "Kumbe na wewe unao mkono," akasema, akacheka.

Wiki tatu baadaye akapata kiharusi. Alikaa miezi minane kitandani, upande mmoja umekufa, akilishwa uji na mama, yule yule mwenye kovu mkononi, kisha akafa. Daktari alituambia ni presha, kwamba mzee aliacha vidonge na kula chumvi kama ng'ombe. Niliyashika maneno hayo kwa nguvu zote. Kama ni chumvi, basi si ngumi yangu. Nilitengeneza mwenyewe jeneza lake, na kila msumari niliogonga nilijiambia: chumvi, mafuta, chumvi.

Miaka miwili baadaye mama akaanza kukonda, kunywa maji bila kukoma, na kulalamika kwamba miguu inawaka moto. Wakampima. Kisukari.

Hapo nikaingiwa na wazimu ambao mimi mwenyewe niliuita afya. Sikuanza na mama, aliyekuwa mbali. Nilianza nyumbani kwangu Bakoba, kwa mke wangu na binti yetu wa miaka kumi na miwili. Nilirudi jioni moja kutoka karakana, nikachukua dumu la mafuta ya kupikia nikalimwaga chooni. Nikafuata sukari, chumvi, unga mweupe wa ngano. Chupa za soda zilizobaki kwenye mahafali ya jirani nilizipasulia ukutani, moja baada ya nyingine. Mke wangu alisimama mlangoni amejifunga kanga kifuani, akiangalia povu jekundu likiteremka.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nawaokoa," nikasema.

Kuanzia siku ile nilikuwa naonja kwanza mimi. Nikisikia chumvi, nasukuma sahani. Mara nyingine sahani ilifika sakafuni. Nilikuwa nakagua mfuko wa shule wa binti yangu kama askari. Alhamisi moja niliukuta una andazi lililozungushiwa karatasi ya daftari, limelowa mafuta. Nikamuuliza ni la nani. Akasema la rafiki yake. Nikamzaba kofi kwa sababu ya andazi, na jingine kwa sababu ya uongo, na hilo la pili lilimpasua mdomo wa chini kwenye jino.

Mke wangu hakupiga kelele. Alitoka jikoni na mwiko wa ugali akanipiga nao sikioni, pigo la mtu aliyelifikiria kwa muda mrefu. Sikio likawa linalia kama msumeno. Alimshika mtoto kidevu, akamgeuzia kwangu.

"Tazama," akasema. "Hii ndiyo afya yako? Afya ya damu mdomoni? Toka. Nenda kwenu ukalale huko mpaka nikuite."

Ningeweza kumpiga. Alikuwa anajua hivyo, na alibaki amesimama pale pale na mwiko wake. Nilichukua koti nikatoka. Kesho yake asubuhi nilipanda basi kwenda Kimwani, na njia nzima nilijihesabu kuwa mimi ndiye niliyeonewa. Nilijiambia, kama hawa hawataki kuokolewa, nitamwokoa mama.

Nilimkuta mama nje, anachambua maharage. Alifurahi kuniona. Aliniletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo kama mgeni, na kikombe cha chai, akaniuliza hali ya mjukuu wake, nikasema mzima. Kisha nikaingia ndani nikaanza kukagua. Jikoni hakukuwa na sukari, na hilo ndilo lililonitia mashaka, maana chai aliyonipa ilikuwa tamu. Nilipekua kabati, nikapekua pipa la unga. Chumbani kwake, chini ya kitanda nilichomtengenezea kwa mikono yangu, kulikuwa na sanduku la bati la vitenge vyake. Katikati ya vitenge palikuwa na mfuko wa sukari wa kilo mbili, umeshatumika nusu.

Mama aliingia akanikuta nao.

"Rudisha," akasema.

"Unataka kufa?"

"Nataka chai. Nimeishi na baba yako miaka arobaini na tatu bila kunywa chai kama ninavyoipenda. Rudisha mfuko wangu."

Aliushika. Nikauvuta. Sikutegemea angeng'ang'ania, mwanamke wa miaka sabini na moja, mwepesi kama jani kavu. Aliukumbatia mfuko kwa mikono yote miwili, na nilipomvuta karibu akaniuma mkono. Aliuma kwa meno yake yote yaliyobaki, na hakuachia. Maumivu yakapanda kichwani. Nilimkamata kifundo cha mkono wa kulia nikakipinda, nikamsukuma. Mfuko ulipasuka. Akaanguka juu ya ule mkono, kwenye kona ya sanduku.

Nimepasua mbao maisha yangu yote. Najua sauti ya ubao mkavu unapokatika, na sauti niliyoisikia ilikuwa hiyo.

"Mawe!" akalia kwa Kihaya, akimwita mama yake, aliyekufa kabla mimi sijazaliwa. "Mawe!"

Sukari ilikuwa imetapakaa sakafuni, kwenye vitenge, kwenye nywele zake. Nilipiga magoti nimwinue, naye akajikunja kama chatu, akafunika kichwa kwa ule mkono mzima, mkono wenye kovu. Alidhani narudi kumpiga.

Jirani yetu, mjane mwenye mabega mapana ambaye amelima peke yake tangu ujana, aliisikia sauti akaja mbio na mpini wa jembe. Hakuuliza. Alinipiga mgongoni, akanipiga begani, akanisukuma hadi uani, na nilipojikwaa akanipiga tena, safari hii usoni. Wanawake wengine wawili walifika. Mmoja alinitemea mate. Nililala kwenye majani makavu ya mgomba nikiwaacha wafanye walichotaka, na nakiri sikuhisi aibu bado. Nilikuwa nahisi hasira kwamba hawaelewi.

Hospitalini Muleba daktari kijana alimuuliza mama imekuwaje.

"Nimeanguka," mama akasema.

Daktari alinitazama mimi, uso uliovimba, alama za meno mkononi. Akauliza tena. Mama akajibu vile vile. Wakamfunga hogo jeupe la plasta kutoka kwenye vidole hadi juu ya kiwiko, wakapima sukari yake, wakatikisa vichwa.

Katika gari la kurudi tulikaa nyuma mimi na yeye. Nilianza kusema asante.

"Usinishukuru," akasema, akiangalia migomba inayopita. "Nimesema nimeanguka kwa sababu nimezoea kusema hivyo. Niliwaambia hivyo hivyo watu wa zahanati nilipotolewa meno mawili na baba yako, wewe ukiwa tumboni. Mdomo ulijisemea wenyewe."

Hapo ndipo aibu ilipofika. Nilitaka kufungua mlango wa gari niruke.

Dada yangu ameolewa Kanazi. Aliposikia alikuja siku ile ile na bodaboda, akaniita majina ambayo sitayaandika, akamwambia mama afungashe waende kwake. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, hogo limelala mapajani kama mtoto mchanga.

"Siendi mahali," akasema. "Nina kuku, nina migomba. Huyu atabaki."

"Huyu? Akumalizie na ule mwingine?"

"Aliyevunja atapika," mama akasema. Kisha akanigeukia. "Na ukiinua sauti siku moja tu, namwita jirani na jembe lake, na safari hii sitasema nimeanguka."

Nilikuwa na miaka arobaini na nne, na sikuwahi kumenya ndizi. Kwetu mvulana akionekana jikoni anaulizwa kama amekuwa msichana. Siku ya kwanza utomvu ulinigeuza vidole vyeusi, kisu kikanikata kidole gumba, na ndizi zilitoka nusu mbichi. Sikuweka chumvi kabisa wala tone la mafuta. Nilidhani hiyo ndiyo dawa. Nikamwekea mama sahani mbele.

Alionja kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo lilimuumiza kuliko mfupa, maana mkono huo hauliwi nao. Nilimwona akitafuna. Nikagundua kwamba ninatazama taya lake.

Akachukua sahani, akainua, akanirushia. Ilinipiga kidevuni. Ndizi zikaingia kwenye ukosi wa shati.

"Pika tena," akasema.

Nilipika tena. Alimwaga. Siku ya pili aliwamwagia kuku mbele ya macho yangu. Siku ya tatu alipiga sufuria teke ikaviringika hadi mlangoni, na mimi nikasimama pale nimekunja ngumi nyuma ya mgongo, kucha zikiingia kwenye viganja. Jirani mwenye jembe, aliyekuwa akija kumwogesha na kumlisha uji, alikaa kwenye gogo akitutazama. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa akisubiri tu nijaribu.

Siku ya nne sikupika. Nilichuchumaa mbele ya kiti cha mama. "Mama, unapenda kula nini?"

Sidhani kama kuna mtu katika nyumba ile alikuwa amewahi kumuuliza.

"Napenda maharage yaliyoiva mpaka yakavunjika," akasema. "Napenda nyanya chungu. Baba yenu alizikataa, akasema ni chakula cha mbuzi. Napenda dagaa. Na chai."

Nilianza na hivyo. Dada yangu hakutaka kuniona, lakini kwenye simu alikubali kunielekeza: loweka maharage tangu jana yake, chemsha na kitunguu, nyanya ziwe nyingi, tangawizi ipondwe, ndimu ikamuliwe mwishoni. Niligundua kwamba ndimu na vitunguu vinaweza kuficha upungufu wa chumvi, ulimi usilalamike. Dagaa nilizikaanga kikaangoni bila mafuta mpaka zikanukia, ndipo nikaziweka nyanya. Mchicha na majani ya maboga yalikuwa yanaota bure nyuma ya jiko, tulikuwa tunayakanyaga kwenda kukata ndizi za kupikwa.

Muuguzi wa kliniki ya kisukari, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, alinisikiliza nilipojisifu kwamba nyumbani hakuna punje ya sukari wala chumvi.

"Na mgonjwa anasemaje?"

"Anamwaga."

"Basi hajala," akasema. "Usimwondolee vyote siku moja, kaka. Chai yake ina vijiko vingapi? Vinne? Wiki hii vitatu. Baada ya wiki mbili, viwili. Ndizi mpakulie, lakini robo ya sahani. Nusu iwe mboga. Vidonge vyake asiviache. Na wewe ukae ule naye sahani ya aina hiyo hiyo. Mtu hapendi kula chakula cha wagonjwa peke yake."

Kwa hiyo nilienda dukani, nikanunua sukari, nikaiweka mezani mbele ya mama, wazi, na kijiko ndani yake. Niliona uso wake ukibadilika. Alihesabu vijiko vitatu kwa sauti, kimoja kimoja, akinitazama usoni kila alipochota, kama mtu anayepita karibu na mbwa. Mkono wangu ulikuwa juu ya meza. Niliuacha pale.

Siku hiyo hiyo mchana nilipita nyuma ya kiti chake nikiwa na mwiko, naenda kukoroga maharage. Akaruka. Bega likapanda hadi sikioni, macho yakafungwa. Sekunde moja tu, halafu akajiweka sawa akaendelea kuongea habari za kuku. Mimi nilienda jikoni nikaegemea ukuta wenye masizi, nikalia mpaka maharage yakaungua chini.

Hogo lilikatwa baada ya wiki saba. Mkono ulikuwa umepona umepinda kidogo. Sukari yake ilikuwa imeshuka, si sana, lakini muuguzi aliandika kwenye kadi na kutabasamu. Mama aliacha kulalamika kuhusu miguu. Alianza kutembea kwa mguu kwenda kanisani, mwendo wa dakika arobaini, akiegemea mkongojo, na kukataa bodaboda zilizosimama.

Jirani mwenye jembe ndiye aliyeanza kuionja mboga yangu. Alikuja siku moja kusema anataka "kuona kama anakutilia sumu," akala sahani nzima, akauliza nyanya chungu nimezifanyaje zisiwe chungu sana. Nikamwambia nazichemsha kidogo na kumwaga maji. Wiki iliyofuata alikuja na bakuli lake. Mama ndiye aliyekuwa anawaeleza wanawake wengine walioanza kuja kuonja. Sikusikia hata siku moja akimwambia mtu kwamba anakula vibaya. Aliwapakulia tu, akawaacha waulize.

Sikupona hasira kama mafua. Kipaimara cha mtoto wa dada yangu kule Kanazi nusura kinirudishe nilikotoka. Dada alinialika kwa sababu mama alikataa kwenda bila mimi. Kulikuwa na turubai, muziki, masufuria ya pilau linalometa mafuta, nyama ya kukaanga, makreti ya soda, na rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, kwenye madumu. Nilikuwa nimebeba ndizi za kuchemsha na mboga kwenye hotipoti, nikampakulia mama sahani yake.

Mjomba, mdogo wake mama, mtu mkubwa mwenye pumzi fupi, alikuwa ameanza rubisi tangu asubuhi. Alikuja mezani kwetu na chupa ya soda mkononi.

"Dada yangu anakula majani kwenye sherehe?" akasema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Huyu seremala amekuvunja mkono, sasa anakulisha kama sungura?"

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Aliiweka chupa mdomoni mwa mama. "Kunywa! Kunywa kama mtu!" Soda ilimwagikia mama kidevuni na kwenye gauni lake la kitenge. Mama aligeuza uso, naye akamfuata na chupa, ikamgonga meno.

Niliinuka. Nilimshika mjomba mkono, na nilisema, nakumbuka vizuri, "Mjomba, tafadhali." Alinipiga kwa chupa ile ile juu ya jicho. Haikupasuka. Nyusi yangu ndiyo iliyopasuka. Damu ilinijaa jicho lote, na kwa jicho lililobaki nikaona stuli ya mbao iko karibu na mkono wangu wa kulia, na nikaona paji la uso la mjomba, na nikajua kwa hesabu ya seremala mahali hasa pa kupiga. Vidole vyangu vilikuwa vimeshaishika.

"Kaa chini," mama akasema.

Sikukaa.

"Mwanangu. Kaa chini."

Nikaiachia stuli. Nikakaa. Damu ilidondoka kwenye mboga yangu, tone, tone, na watu wote wakatazama. Mama aliinuka mwenyewe, akashika mkongojo kwa ule mkono uliopinda, akampiga mdogo wake kwenye muundi wa mguu. Pigo kavu. Mjomba akapiga yowe na kuanza kuchechemea. Akampiga mguu wa pili.

"Nimelishwa kwa nguvu na kunyimwa kwa nguvu tangu nilipoolewa," akamwambia, akihema. "Baba yao alinilisha makofi. Huyu mwanangu alininyima kwa kunivunja. Sasa na wewe? Nitakula ninachotaka mimi. Ninataka mchicha. Unasikia? Mchicha!"

Vijana wawili walimwondoa mjomba, naye akitukana njia nzima hadi kwenye migomba. Dada yangu alikuja na kitambaa na maji ya chumvi, akanibana nyusi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Hakuniambia pole. Lakini alipomaliza alichota mboga kwenye hotipoti yangu, akala amesimama, akasema imepoa.

Nilishonwa nyuzi nne. Mjomba hakuja kuomba radhi na hajabadilika, bado anakunywa, na nikikutana naye Bukoba mjini anavuka barabara. Mama bado ana kisukari. Siku za sikukuu anaweka vijiko vitatu vya sukari kwa makusudi, ananitazama, na mimi naangalia pengine. Wakati wa senene, wale panzi wetu wa kukaangwa, anakula wengi kuliko inavyofaa. Siku nyingine chai yake ina kijiko kimoja, na ni yeye aliyeamua.

Mke wangu aliniita baada ya miezi mitano. Alikuwa amesikia habari zangu kwa dada yangu. Aliniwekea masharti mlangoni, kabla sijavua viatu: hakuna mtu wa kuonja kwanza, kila mtu anajipakulia, na mkono ukiinuka mara moja, ni polisi. Nikakubali yote. Sasa siku nne za wiki niko karakana Bakoba, na tatu niko Kimwani.

Napika nyumbani pia, Jumapili, nikiwa huko. Natumia kijiko cha kupimia mafuta, naweka matunda yaliyokatwa kwenye bakuli katikati ya meza, na simwambii mtu ale. Mke wangu hula, kisha husema chumvi haitoshi, na mimi humsogezea kopo. Anaweka kidogo kuliko zamani. Nimeliona hilo na sikulitaja.

Binti yangu amefika miaka kumi na mitano. Kovu la mdomoni ni dogo, linaonekana anapocheka, na mbele yangu hakuwa akicheka. Kwa muda mrefu alikula jikoni, amekaa kwenye ndoo karibu na mama yake, mlango umefungwa. Sikumlazimisha kutoka.

Mwezi uliopita alikuja na sahani tupu akavuta kiti, si karibu nami, upande wa pili. Nilimuuliza anataka nini.

"Wali," akasema. "Wali mtupu. Sitaki mboga."

Nikamsogezea bakuli la wali, na kijiko, nikaendelea kula.